Gitaa Linalovuma: Usiku wa Roki ya Saikedeli Soweto, Mbeya

Wapenzi wengi wa muziki nchini mwetu hupenda sauti ya gitaa iwe safi. Tumelelewa na muziki wa dansi, ambamo mpiga solo husifiwa kwa kila noti yake kusikika waziwazi, na mtu akiliacha gitaa likwaruze huambiwa kwamba vyombo vyake vimeharibika. Ndiyo maana nataka kueleza kwa kirefu niliyoyasikia Julai iliyopita katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Soweto, jijini Mbeya, ambako bendi ya vijana wanne ilipiga roki ya saikedeli kwa zaidi ya saa mbili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo gitaa halikuwa safi hata kidogo. Lilivuma, likakoroma, likalia kwa sauti ndefu isiyokatika, nami nimeondoka pale nikiamini kabisa kwamba mvumo ule ndio muziki wenyewe, wala si kasoro iliyoingia kwa bahati mbaya.

Roki ya saikedeli ilizaliwa katikati ya miaka ya 1960, huko Marekani na Uingereza, miongoni mwa vijana waliotaka wimbo uache kuwa hadithi ya dakika tatu na uwe mahali ambapo mtu anaweza kuingia na kukaa. Ni kweli kwamba jina lake liliambatana na dawa za kulevya zilizoenea San Francisco wakati huo, na mzazi akilisikia ana haki ya kushtuka. Vijana niliowaona Soweto walikunywa chai ya tangawizi kabla ya kupanda jukwaani, na wawili kati yao hupiga vyombo kanisani kila Jumapili. Walichokirithi kutoka enzi ile ni mbinu: vipande virefu, marudio, mwangwi, mvumo wa gitaa na taa za mafuta. Jina la bendi bado hawajakubaliana. Tangazo lililobandikwa Mwanjelwa na kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp lilisema tu kwamba kutakuwa na roki ya majaribio, kiingilio shilingi 5,000.

Ukumbi wenyewe hutumika zaidi kwa harusi na sherehe za kuwaaga mabinti, na vitambaa vyeupe vya sherehe ya wiki iliyotangulia vilikuwa bado vimening'inia juu ya jukwaa. Jiji letu liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi yake haina mzaha, kwa hiyo watu waliingia na makoti, mabaraghashia ya sufi na mablanketi mabegani. Naitaja baridi hii kwa sababu ilikuwa na kazi yake katika muziki, kama nitakavyoeleza.

Kipande cha kwanza kilianza na besi peke yake. Mpiga besi, binti wa Tukuyu, alichukua noti nne tu na kuzizungusha bila haraka, mpaka waliokuwa bado wanatafuta viti wakaacha mazungumzo. Drams zikaingia kwa mdundo ulionyooka, bila madoido, mguu na mkono vikipishana vilevile dakika baada ya dakika. Mtu aliyezoea dansi angeutambua utaratibu huo mara moja, maana sebene nayo hujengwa kwa kurudia: gitaa la rithimu hushikilia mzunguko mmoja, na raha ya msikilizaji hutokana na mabadiliko madogo yanayopita juu ya kitu kisichobadilika. Tofauti ni kwamba sebene humwinua mtu acheze, lakini roki hii humtaka asimame na asikilize. Nilipogeuka kutazama nyuma, watu walikuwa wakitikisa vichwa taratibu, na hakuna aliyekuwa ameelekea mlangoni.

Kisha mpiga gitaa, ambaye kwa dakika kadhaa alikuwa amesimama tu akiwasikiliza wenzake, akakanyaga kiboksi cha chuma kilichokuwa mbele ya mguu wake.

Baadaye nilikishika kiboksi hicho mkononi. Ni kopo la biskuti lililotobolewa upande mmoja ili swichi ya kukanyagia ipite, na ndani yake mna betri ya volti 9, vipingamizi vichache, na transista mbili za jerimani (germanium) zilizochomolewa kutoka katika redio mbovu ya zamani. Kazi yake inaelezeka kwa urahisi. Umeme unaotoka kwenye gitaa hupanda na kushuka kwa mawimbi ya mviringo. Transista hizo huukuza kupita uwezo wa sakiti, hivyo vilele vya mawimbi hukatwa na kuwa bapa. Wimbi lililokatwa hivyo huzaa sauti nyingine za juu ambazo hazikuwamo katika waya uliopigwa, na noti ambayo ingefifia haraka huendelea kuishi, kwa sababu hata inaponyong'onyea bado ina nguvu ya kutosha kugonga kikomo kile kile. Ndipo gitaa linapoacha kudonoa na kuanza kuvuma kwa pumzi ndefu. Sauti ya namna hiyo ilianza kujulikana kutokana na hitilafu: huko Nashville, Marekani, mtambo wa studio uliharibika wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, gitaa la besi likakwaruza, na badala ya kuifuta sauti hiyo wakaiacha. Mwaka 1962 kikatoka kifaa cha kwanza cha kukanyagia kilichouzwa madukani kwa ajili ya kuitengeneza makusudi, kikiitwa Maestro Fuzz-Tone.

Sasa nirudi kwenye baridi. Transista za jerimani zina tabia ya kuyumba kutokana na joto. Chumba kikiwa cha baridi hutoa mvumo mnene na uliotulia. Chumba kikichemka, sauti huanza kukatikakatika na kupoteza mwili. Pale Soweto tuliusikia mchakato huo wote kwa masikio yetu. Saa ya kwanza, ukumbi ukiwa bado na ubaridi wa nje, gitaa lilitoka nene na lenye giza. Watu walipoongezeka na makoti kuanza kuvuliwa, mvumo ukawa na mikwaruzo midogo mwishoni mwa kila noti, na nyuzi nazo, kwa kuwa chuma hulegea kinapopata joto, zikashuka kidogo chini ya sauti ya kinanda. Mpiga gitaa alizikaza mara kadhaa, kisha akaacha kuhangaika, akaitumia ile tofauti ndogo kati yake na kinanda ili noti zigongane na kutoa mtetemo wa polepole unaokuja na kuondoka. Hakuna santuri ambayo ingeweza kunipa jambo hilo. Kwa aina hii ya muziki, ukumbi, hali ya hewa na miili ya waliohudhuria huingia katika sauti moja kwa moja.

Naomba nikae zaidi kwenye huo mvumo, kwa kuwa hapa ndipo ninapopingana na wale wanaosema kwamba muziki huu ni wa kigeni na hauna mahali Nyanda za Juu Kusini. Ukienda mwambao wa Ziwa Nyasa, ngoma ya mganda huchezwa na wanaume waliojipanga safu kama askari, na vyombo vinavyobeba sauti yake ni malipenga, yaani vibuyu vilivyotobolewa tundu na kuzibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Mpigaji huimba ndani ya kibuyu, utando hutetemeka, na sauti ya binadamu hutoka ikiwa na mvumo mkali unaosikika mbali. Ngoma hiyo ilizaliwa kwa kuiga bendi za tarumbeta za jeshi la kikoloni, lakini watu wa ziwani hawakuiga tarumbeta kama zilivyo. Walitafuta sauti inayovuma. Wagogo, ambao ni majirani wa Iringa upande wa kaskazini, nao huziba kwa utando kama huo tundu la ilimba, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na aliyewahi kumsikiliza mwanamuziki wao, marehemu Hukwe Zawose, anajua kwamba chini ya zile noti za chuma kuna mlio kama wa nyuki usiokoma. Wazee hawa waliweka mvumo kwa makusudi, kwa subira na ufundi, miaka mingi kabla kopo la biskuti la kijana wa Mbeya halijawekwa betri. Ilimba lisilovuma kwao halijakamilika. Basi mtu wa kwetu anayesimama mbele ya gitaa linalokoroma hahitaji masikio mapya. Anahitaji tu kukumbuka kwamba usafi wa sauti ni mapenzi ya aina moja ya muziki, na si sheria ya muziki wote.

Katika kipande cha pili, paa nalo likaingia. Ukumbi ule umeezekwa bati bila dari, na kulikuwa na noti moja ya besi, ya chini kabisa, ambayo kila ilipopigwa ilifanya bati la upande wa kulia livume kwenye misumari yake. Fundi mitambo alikimbilia vitufe vyake kupunguza besi, kama ambavyo angefanya kwenye harusi. Binti wa besi alimwinulia mkono amwache. Tangu hapo akawa anaizunguka noti ile, anaikaribia, anaiacha, anaikaribia tena, na alipoigusa hatimaye paa lote la upande ule likajibu, watu wakashangilia kwa kelele ambazo sijawahi kusikia zikitolewa kwa noti moja ya besi. Sijui mwanamuziki mwingine katika mkoa huu ambaye angelisikia bati na kuamua kulifanya mwanabendi wa tano.

Taa zilisimamiwa na mpiga kinanda, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa huru mara nyingi. Walikuwa wameazima projekta ya zamani ya kufundishia, ile yenye kioo bapa juu na taa chini, ambayo zamani walimu waliitumia kuonyesha karatasi za plastiki. Juu ya kioo waliweka sahani ya kioo yenye maji yaliyotiwa rangi ya keki na mafuta ya alizeti, na kwa kuwa mafuta na maji havichanganyiki, kila alipoitikisa sahani au kuidondoshea rangi, mapovu makubwa mekundu na ya buluu yalitambaa kwenye vile vitambaa vyeupe vya harusi, yakagawanyika na kuungana tena. Bendi za London na San Francisco zilitumia mbinu hiyo hiyo mwaka 1966 na 1967. Uzuri wake ni kwamba picha haikutengenezwa kabla. Ilikuwa inatokea wakati uleule sauti inatokea, na joto la taa lilipoyapasha moto mafuta, mapovu yakaongeza kasi bila mtu kuyagusa.

Nilikuwa nimekwenda na baba mdogo, ambaye alifanya kazi reli ya TAZARA mpaka alipostaafu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki amejifunga blanketi, na kwa nusu saa ya kwanza hakusema neno. Kisha akaniinamia sikioni akaniuliza, "Baba, hawa watoto muziki huu wameutoa wapi? Huu ni wa Kitwe." Hakukosea. Reli ile ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita hapa Mbeya, na miaka hiyo hiyo, upande wa pili wa mpaka wa Tunduma, vijana wa miji ya shaba ya Zambia, kama Kitwe, walikuwa wakipiga roki ya gitaa linalovuma ambayo leo dunia nzima inaiita Zamrock. Rais Kenneth Kaunda alikuwa ameagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, na fedha za shaba zilikuwa zimewawezesha vijana wa migodini kupata magitaa na amplifaya. Bendi ya WITCH, ikiongozwa na Emmanuel Chanda, ambaye wapenzi wake humwita Jagari, ilikuwa ikipiga kwa saa nyingi mfululizo usiku mmoja. Paul Ngozi na kundi lake la Ngozi Family walikuwa na gitaa kali kuliko wengi. Amanaz walitoa santuri yao Africa mwaka 1975, mwaka ule ule WITCH walipotoa Lazy Bones!!

Hata Dar es Salaam ilikuwa na mkono wake. Bendi ya Sunburst, iliyokuwa na makao yake jijini humo, ilitoa santuri yake ya Ave Africa mwaka 1976 huko Zambia, na anayeisikiliza leo atakuta Kiswahili kikiimbwa juu ya gitaa la aina hii, bila kujieleza na bila kuomba radhi. Ninahuzunika kila ninapofikiria kwamba vijana wetu wengi wanaweza kutaja bendi za Uingereza lakini hawajawahi kuisikia hiyo.

Baba mdogo aliniambia kwamba siku za mapumziko Kapiri Mposhi, wafanyakazi wa reli walikuwa wakipata lifti kwenda Kitwe na Ndola kusikiliza bendi hizo, na kwamba alirudi na santuri ambazo baadaye ziliharibika kwa unyevu. Muziki wenyewe nao ulikuwa umeanza kuporomoka. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, maisha yakawa magumu, muziki wa kudansi ukachukua kumbi, na katika miaka iliyofuata UKIMWI ukawaondoa wanamuziki wengi wa kizazi kile. Jagari alikwenda kuchimba vito, na ni yeye peke yake aliyebaki hai kati ya waasisi wa WITCH. Karne hii santuri zao zimechapishwa upya, naye akiwa mzee amezunguka Ulaya na Marekani na bendi mpya yenye jina lile lile, wakatoa albamu ya Zango mwaka 2023. Ninaposema kwamba bendi ya Soweto inapiga muziki wa hapa jirani, nina maana ya ujirani huo.

Si kila kitu kilikwenda vizuri, na kwa kuwa nawapenda vijana hawa nitasema wazi. Uimbaji ulikuwa dhaifu. Mpiga gitaa anaimba kwa sauti ndogo, na alikuwa ameitia mwangwi mwingi kiasi kwamba maneno ya Kiswahili, ambayo kwa niliyoyanasa yalikuwa mazuri, yalizama yote. Mwangwi ni dawa kali. Katika kipande cha tatu gitaa liliufanya uwe na maana kubwa: mdundo ulikuwa wa mapigo 120 kwa dakika, yaani pigo moja kila nusu sekunde, na yeye aliuweka mwangwi urudi baada ya robo tatu ya pigo, kama milisekunde 375, hivyo kila noti aliyopiga ilizaa nyingine iliyoangukia pale ambapo drams hazipo, na mtu mmoja akasikika kama wawili wanaojibizana. Lakini sauti ya mwimbaji haina mapigo yaliyonyooka hivyo, na ukuta wa nyuma wa ukumbi tayari ulikuwa unarudisha mwangwi wake. Ukijumlisha viwili hivyo unabaki na ukungu. Kinanda nacho kilikuwa na tabia ya kupiga honi ndefu kama ya lori la Tunduma kila bendi iliposita kidogo, na kwa maoni yangu kusita kule kulikuwa kuzuri zaidi bila honi.

Kipande cha mwisho kilirekebisha yote hayo kwa kuondoa uimbaji kabisa. Kilidumu karibu nusu saa. Katikati yake mpiga gitaa aligeuka akaisogelea spika ya amplifaya yake mpaka sauti ikaanza kuzitikisa nyuzi zenyewe, nyuzi zikapeleka umeme kwenye spika, spika ikazitikisa tena, na noti ikabaki hewani bila mkono wowote kulipiga gitaa. Alisogea hatua moja kulia, noti ikapanda. Alirudi kushoto, ikashuka na kubadilika rangi. Alikuwa anatafuta noti kwa miguu, sakafuni, na wenzake watatu wakashusha sauti zao ili tusikie anachokipata. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyesimama karibu nami aliacha kurekodi kwa simu, akaiweka mfukoni. Besi iliporudi na zile noti nne za mwanzo wa usiku, zikiwa sasa nzito maradufu, baba mdogo alikuwa amesimama, blanketi liko kwenye kiti.

Tulibaki na vijana hao wakati wanakunja waya. Walitusalimia kwa heshima, shikamoo kwa baba mdogo na kwangu, kisha wakamzunguka yeye kumuuliza habari za Kitwe, maana walikuwa wamezisikia bendi zile kwenye mtandao tu na hawakuwahi kukutana na mtu aliyesimama mbele yake. Wanataka kurekodi. Mpiga drams anapenda kila mmoja arekodiwe peke yake kwenye studio, chombo baada ya chombo, kama wafanyavyo watayarishaji wengi wa sasa. Binti wa besi anataka wote wanne wapige pamoja katika chumba kimoja chenye paa la bati, asubuhi na mapema wakati transista zimetulia. Niliunga mkono upande wake bila kusita, nikawaambia kwamba kumrekodi mpiga gitaa peke yake chumbani ni kumnyima spika, ukuta na wenzake anaowasikiliza, na hao ndio wanaomfanya apige anavyopiga. Sijui kama mpiga drams ameshawishika.

Mpiga kinanda ndiye aliyetupa kazi. Nilikuwa nimemsimulia habari za malipenga, naye akauliza kama bado wapo wazee wanaoyapiga, kwa sababu anataka kusikia kibuyu kimoja kikivuma sambamba na lile kopo la biskuti, katika funguo moja, bila drams. Baba mdogo ana rafiki yake wa zamani huko Mbamba Bay ambaye mwanawe yuko kwenye kundi la mganda, na juzi alimpigia simu. Mzee huyo ameuliza jambo moja tu, kama gitaa lenyewe linaweza kushushwa liwe chini ya sauti yake.